MAISHA YA ALPHONSE PÉNAUD, KIJANA ALIYERUSHA NDEGE KWA MPIRA



Katika numero hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake limeandikwa katika vitabu vya historia ya ndege, lakini hapa masomoni wengi hawalisikii. Wright tunamjua, Blériot tunamjua. Kumbe nyuma ya hao kuko kijana mmoja wa Paris aliyetembea kwa magongo, naye akafa akiwa na miaka 30 tu. Kazi yake kubwa iliyoonekana kwa macho ilikuwa kitu kidogo cha gramu 16. Lakini wote wanaojenga ndege ndogo, hata zile za mbio zinazoongozwa kwa radio, wanafuata akili yake, wakijua ao pasipo kujua.

Tutasimulia maisha yake, na ndani yake tutaeleza namna ile ndege yake ilivyotengenezwa, maana kuko wanafunzi kati yetu wanaopenda kazi ya mikono na wanatuuliza kila mara mambo ya namna hii.

1. Utoto wake

Alphonse Pénaud alizaliwa Paris, mji mkubwa wa Ufaransa, tarehe 31 mwezi wa 5, mwaka 1850. Jamaa yake ilikuwa ya watu wa bahari. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na alifika mpaka cheo cha amirali. Katika jamaa ya vile, mtoto mwanaume hakuulizwa sana atafanya kazi gani. Njia yake ilikuwa wazi: ataingia masomo ya majini, atavaa mavazi ya ofisa, atapanda merikebu.

Lakini ugonjwa ulimshika kwenye mfupa wa nyonga. Haukupona. Kijana Alphonse alianza kutembea kwa shida, akisaidiwa na magongo, na mlango wa jeshi la majini ukafungwa mbele yake. Sisi tunaoishi na wenzetu waliopooza miguu tangu utoto tunaweza kufahamu kidogo moyo wake ulivyokuwa. Wenzake wa jamaa wanakwenda baharini, yeye anabaki nyumbani.

Hakukaa bure. Alikuwa mwenye akili ya hesabu, akaanza kusoma juu ya jambo moja ambalo watu wengi wa wakati ule waliliona kuwa ndoto: namna gani kitu kizito kuliko hewa kinaweza kuruka.

2. Mambo yalivyokuwa wakati ule

Tusisahau kwamba wakati ule watu walikwisha kwenda hewani, lakini kwa baluni tu. Tangu mwaka 1783 Wafaransa walikuwa wanapanda katika baluni za hewa ya moto na za gazi. Mwaka 1852 fundi Henri Giffard alitia mashini ya mvuke chini ya baluni ndefu, akasafiri kama kilometre 27 kutoka Paris. Hii ilikuwa ajabu kubwa. Lakini baluni inapanda kwa sababu ni nyepesi kuliko hewa. Ndege wa Mungu haiko vile. Kunguru ni mzito kuliko hewa, naye anaruka. Je, mtu hawezi kutengeneza kitu cha namna ile?

Kuko waliojaribu. Mwaka 1784 Wafaransa wawili, Launoy na Bienvenu, walitengeneza kitu kidogo chenye manyoya ya ndege juu na chini, kikizungushwa na upinde na kamba. Mwingereza George Cayley alifanya vile vile, kiisha mwaka 1804 akatengeneza ndege ndogo isiyo na motere, yenye bawa mbele na mkia nyuma, ikateleza hewani vizuri. Lakini upinde una nguvu ya kitambo kidogo tu, na mashini ya mvuke ni nzito sana kwa ndege ndogo. Shida yote ilikuwa nguvu: tupate wapi nguvu iliyo nyepesi?

3. Ukanda wa mpira

Mwaka 1870 Pénaud alikuwa na miaka 20. Akapata jibu ambalo mtoto yeyote wa kwetu anayetengeneza manati angeweza kulifahamu: mpira. Lakini hakuuvuta tu kama sisi tunavyofanya na mpira wa ndani wa kinga. Aliusokota. Ukishika ukanda wa mpira huku na huku, ukauzungusha mara nyingi, unajikunja vifundo vifundo. Ukiuachilia, unarudi polepole, na unazungusha kile kilichofungwa kwenye mwisho wake. Upinde unatoa nguvu yake kwa pigo moja, lakini mpira uliosokotwa unaitoa kidogo kidogo kwa muda wa sekunde nyingi.

Kwa nguvu hii alitengeneza kwanza helikopta ndogo, yenye helisi mbili zinazozunguka kinyume, moja juu na moja chini. (Helisi ndiyo yale mapanga yanayozunguka na kuvuta ao kusukuma ndege.) Ilipanda juu mpaka karibu na dari, ikakaa hewani kidogo, ikashuka. Ikawa mchezo wa watoto, ikauzwa madukani. Kumbukeni neno hili la mchezo wa watoto, tutalirudilia mbele.

4. Siku ile ya Tuileries

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kwa Paris. Waprusi waliuzunguka mji tangu mwezi wa 9 wa 1870 mpaka mwezi wa 1 wa 1871. Watu walikula farasi na paka. Barua zilitoka kwa baluni tu. Kiisha, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilitokea ndani ya mji, na mwezi wa 5 wa 1871 jumba la wafalme la Tuileries liliteketezwa kwa moto.

Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 18 mwezi wa 8, mwaka 1871, mabwana wa chama cha mambo ya hewa walikusanyika katika bustani ya Tuileries, karibu na kuta zile zilizoungua. Pénaud alikuwa na miaka 21. Alileta kitu chake kipya, alichokiita planofori. Tukieleze vizuri, maana hapa ndipo mafundi wetu watatega masikio.

Mwili wake ulikuwa fimbo moja nyembamba ya santimetre 51. Chini ya fimbo kulifungwa ukanda wa mpira. Bawa lilikuwa moja, upana wa santimetre 45 kutoka ncha mpaka ncha, nazo ncha zilikunjwa kidogo kwenda juu. Nyuma kulikuwa na mkia mdogo, na nyuma kabisa ya mkia helisi yenye mapanga mawili, kama santimetre 20, inayosukuma. Vyote pamoja vilikuwa na uzito wa gramu 16, na mpira peke yake gramu 5. Basi karibu sehemu moja kwa tatu ya uzito wote ilikuwa motere.

Akausokota mpira, akaachilia. Ndege ikakwenda yenyewe, ikazunguka, ikashuka taratibu ilipokwisha nguvu. Ilikaa hewani kama sekunde 11, ikapita metre 40 na zaidi. Hapakuwa na kamba, wala mkono wa mtu wa kuisaidia. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuona ndege yenye motere, nzito kuliko hewa, ikijishika yenyewe sawasawa mbele ya mashahidi.

5. Siri ya mkia

Wengine wangesema: sekunde 11, ni nini hiyo? Lakini jambo kubwa halikuwa muda. Jambo kubwa lilikuwa kwamba ndege haikupinduka.

Tukichukua karatasi ngumu tu na kuitupa, inapinduka mara moja. Pénaud alilifikiri jambo hili kwa hesabu. Akaweka uzito mbele kidogo, na mkia akauinamisha, usiwe sambamba na bawa. Pembe ya mkia ilikuwa ndogo kuliko pembe ya bawa, kama digrii 8 tofauti. Tuone inavyofanya kazi. Pua ikianza kuinama chini, ndege inaongeza mbio; hewa inapiga mkia kwa nguvu zaidi na kuusukuma chini, basi pua inarudi juu. Pua ikipanda mno, mbio inapungua na ule msukumo wa mkia unapungua, uzito wa mbele unarudisha pua chini. Vile vile kwa upande: bawa likiinama kushoto, zile ncha zilizokunjwa zinasaidia kulirudisha. Ndege inajisahihisha yenyewe, kama mtu anayebeba mtungi kichwani bila kuushika kwa mkono.

Cayley alikwisha kugusa jambo la mkia mbele yake, lakini Pénaud ndiye aliyelieleza kwa hesabu na kulionyesha kwa ndege yenye motere. Mwezi wa 1 wa 1872 aliandika habari zake katika gazeti la mambo ya hewa, kila mtu asome. Hakuficha kitu. Baadaye alitengeneza pia ndege ndogo inayopiga mabawa kama njiwa, nayo ilikwenda kwa mpira.

6. Kwa wale wanaotaka kujaribu

Hapa tusimame kidogo. Ndege ya namna hii inaweza kujengwa na mwanafunzi yeyote mwenye uvumilivu. Fimbo kavu na nyepesi, karatasi nyembamba, gundi kidogo, ukanda mrefu wa mpira mwembamba, na helisi ya kuchongwa kwa kisu katika mti mwepesi. Lakini kuijenga ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuitengeneza ikae sawa, na hapa ndipo wengi wanachoka.

Kwanza, usisokote mpira. Itupe kwa mkono polepole, mahali penye nyasi, wakati hakuna upepo. Ikiinamisha pua na kuanguka, sogeza bawa mbele kidogo. Ikipandisha pua, ikasimama hewani kiisha ikaanguka, sogeza bawa nyuma kidogo. Kidogo maana yake upana wa kalamu, si zaidi. Badilisha jambo moja tu kila mara; ukibadilisha mawili pamoja hutajua ni lipi lililosaidia. Ikiteleza vizuri bila mpira, ndipo usokote mara chache, kiisha uongeze.

Na zile ndege ndogo za leo, zinazouzwa vipande vipande katika kisanduku, zenye motere ya umeme na radio, zinaweza kupita kilometre 100 kwa saa. Je, sheria imebadilika? Hapana. Fundi wake anatafuta kwanza pahali pa uzito, anaishika ndege kwa vidole viwili chini ya bawa aone kama inakaa sawa. Anaangalia pembe ya bawa na ya mkia. Anaangalia kama akisukuma kijiti cha radio upande wa kuume, usukani nao unakwenda kuume. Na kwa sababu ndege ya mbio inasikia haraka sana, anaweka usukani utembee kidogo tu, vinginevyo itapinduka mbele hajafumba jicho. Ni ile kazi ya Pénaud tu, ila mbio imeongezeka.

7. Ndege kubwa isiyojengwa

Sasa turudilie maisha yake. Pénaud hakutaka kubaki na michezo. Alitaka ndege ya kubeba watu. Pamoja na fundi wa mashini aitwaye Paul Gauchot, mwaka 1876 alipata hati ya serikali ya kulinda mawazo yake, pamoja na picha za ndege kubwa ya watu wawili.

Tukiziangalia picha zile leo, tunashangaa. Helisi mbili mbele zinazozunguka kinyume. Chumba cha msukani chenye kioo. Magurudumu yanayokunjwa ndani wakati wa kuruka. Tumbo kama mtumbwi, iweze kutua majini. Fimbo moja tu mkononi mwa msukani kwa kuongoza usukani wa juu-chini na wa kushoto-kuume. Alihesabu kwamba itakuwa na uzito wa kilo 1200 hivi na mbio ya karibu kilometre 100 kwa saa. Mambo haya karibu yote yalikuja kuonekana katika ndege za kweli, lakini ilipita miaka 30, 40, hata 50.

Kitu kimoja hakikuwako: motere. Mpira unatosha kwa gramu 16, hautoshi kwa kilo 1200. Wanafunzi wa hesabu wanajua sababu. Ukikifanya kitu kuwa kikubwa mara mbili kila upande, eneo la bawa linakuwa mara 4, lakini uzito unakuwa mara 8. Mashini za mvuke zilikuwa nzito, na motere ya petroli ya kufaa ndege haikuwa bado.

Pamoja na hiyo kulikuwa na ukosefu wa feza. Pénaud aliwatafuta watu wa kumsaidia kujenga, hakupata. Wengine walimcheka. Wengine walisema mawazo yake ni ya mtu asiye na akili sawa. Ugonjwa wake ulizidi, na moyo wake ukawa mzito.

8. Mwisho wake

Inasimuliwa kwamba alikwenda kumwomba msaada Henri Giffard, yule wa baluni ya mvuke, aliyekuwa amekwisha kuwa tajiri, lakini hakupata alichotafuta. Kiisha, inasimuliwa, alitia picha zake zote katika sanduku dogo lililotengenezwa kama la maiti, akalipeleka nyumbani kwa Giffard. Akarudi kwake. Mwezi wa 10 wa mwaka 1880 Alphonse Pénaud alijiua. Alikuwa na miaka 30. Na Giffard mwenyewe, akiwa mgonjwa na macho yakipotea, alijiua mwaka 1882.

Tuliulizana katika kundi letu kama inafaa kuandika jambo hili katika gazeti la wanafunzi. Tuliona inafaa. Tukiliruka, tutakuwa tunasimulia nusu ya ukweli, na tena tutaonyesha kama vile taabu ya moyo ni haya ya kufichwa. Haiko haya. Kijana huyu hakukosa akili, wala hakukosa bidii. Alikosa mtu wa kukaa karibu naye, wa kumwambia kwamba kazi isiyokwisha leo inaweza kukwisha kesho kwa mkono wa mwingine. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenzetu akinyamaza siku nyingi, asile, asicheze, tusimwache peke yake. Na sisi wenyewe tukilemewa, tumwendee mwalimu, mchungaji, mama, ao rafiki, tuseme. Na tena tuangalie sana vicheko vyetu. Anayecheka anasahau jioni ile ile, lakini aliyechekwa anabeba.

9. Mchezo uliovuka bahari

Tulisema tutarudilia ule mchezo wa watoto. Mwaka 1878, Pénaud akiwa bado hai, askofu mmoja wa kanisa la Kiprotestanti huko Marekani, jina lake Milton Wright, alirudi nyumbani kutoka safari ya kazi yake. Alikuwa na kitu mkononi. Akakitupa hewani mbele ya watoto wake wawili. Badala ya kuanguka, kilipanda mpaka dari. Ilikuwa helikopta ndogo ya mpira, ya mfano wa Pénaud.

Watoto wale walikuwa Wilbur, mwenye miaka 11, na Orville, mwenye miaka 7. Waliichezea mpaka ikavunjika, kiisha wakaanza kutengeneza zingine wenyewe. Walipozifanya kubwa zaidi zilikataa kuruka vizuri, na hawakujua sababu. Ni ile hesabu ya mara 4 na mara 8 tuliyoiona juu. Walikua, wakafungua duka la kinga, wakarudilia jambo lile. Tarehe 17 mwezi wa 12, mwaka 1903, Orville aliruka kwa ndege yenye motere ya petroli. Safari ile ya kwanza ilikuwa ya sekunde 12 na metre 37 hivi.

Tupime: ndege ndogo ya Pénaud, sekunde 11 na metre 40 na zaidi, ndege ya kwanza ya mtu, sekunde 12 na metre 37. Kati yao miaka 32. Pénaud angekuwa hai siku ile angekuwa na miaka 53 tu. Angeona kwa macho yake. Na angeona pia kwamba ndege ya Wright iliweka usukani wake wa juu-chini mbele, lakini miaka michache baadaye mafundi karibu wote walirudi kwenye mpango wake: bawa mbele, mkia nyuma.

Ndugu wasomaji, ndege ndogo inapopita juu ya masomo yetu, tuangalie mkia wake. Ule mkia mdogo unaoshikilia ndege yote isipinduke ulifikiriwa na kijana ambaye miguu yake mwenyewe haikumshika vizuri. Hakupata kuona tunda la kazi yake, lakini kazi haikupotea.

Wanaotaka kujenga planofori, tuonane siku ya Mungu ya sita mchana, nyuma ya chumba cha kazi ya mikono. Kila mtu alete kisu na mpira wake. Gundi tutatafuta pamoja.